Makovu ya Kipandauso

Billow alitapika tena, akajifunika shuka usoni, maana jua la Garissa lilikuwa likimchoma machoni. Askari akaivuta shuka ile. Panjani pake, karibu na jicho, palikuwa na makovu ya duara, na kwa sababu ya makovu hayo lori lilikuwa likimngoja.

Daktari Warfa aliyajua makovu yale. Alirudi kutoka Makerere na hamu moja tu, kujua kipandauso huanzia wapi ndani ya ubongo. Wenzake walimcheka: nani huenda kutafiti maumivu ya kichwa kwenye vita? Hakuwajali. Alizunguka mabomani akiwauliza wafugaji huona nini kabla kichwa hakijaanza kugonga, na karibu kila mgonjwa alikuwa amechomwa chuma cha moto panjani, tiba ya mababu zao.

Sasa, mwaka 1966, wafugaji wale walikuwa wamesombwa na jeshi na kufungiwa ndani ya ua wa miiba. Mtu asiye na haya alikuwa amemnong'oneza kapteni kwamba wenye makovu panjani wamekula kiapo cha shifta, waasi waliopigana na serikali.

Warfa akaenda kumtetea Billow. Kapteni alimpa kiti na chai, akamsikiliza kwa makini. Warfa akachangamka, akamweleza utafiti wake wote. Tangu arudi hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza hivyo, na, Mungu amsamehe, kwa muda alimsahau Billow kabisa.

"Kwa hiyo wenye makovu unawajua?" kapteni aliuliza.

"Wote. Nimewapima kwa mikono yangu."

Mdomo huponza kichwa, lakini huu uliponza vichwa vya wengine.

"Vizuri. Utasimama langoni utuonyeshe. Mwenye kovu atapanda lori."

"Kapteni, nimekueleza. Ni ugonjwa."

"Nimekusikia, daktari. Ukikataa, nitachukua wanaume wote."

Warfa alikwenda langoni akiwa ameazimia kusema uongo. Wanaume walipanga foleni, vilemba vikiwa vimeshuka hadi nyusi. Kisomali kilikuwa kimepigwa marufuku pale, kwa hiyo hakuweza kumwonya mtu. Alipenyeza vidole chini ya kila kilemba, akagusa makovu, akasema, "Hana." Mmoja akapita. Mwingine akapita. Akaanza kutumaini.

Kisha akaja mzee Bare, mchunga ngamia ambaye Warfa alikuwa akimtibu tangu mwanzo wa utafiti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa maumivu. Warfa alimgusa panjani, akasema hana.

Bare alishangaa. Alidhani daktari amekosea mahali penye maumivu, na hakutaka kumwaibisha mbele ya wageni. Akavua kilemba mwenyewe, akaushika mkono wa Warfa taratibu, akauweka juu ya kovu.

"Si habo, dagtari," alisema kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Kisomali kisicho na p. "Ni haba."

Askari wakasogea. Bare aliinamisha kichwa, akingoja dawa.