Mishumaa Mirefu

Fundi seremala alikuwa anatafuta gundi tu, basi. Angeipata gundi pale alipoizoea, angerudi kwenye kiti alichokuwa anakitengeneza na mchana ule ungepita salama. Hakuipata. Akavuta droo ya mkewe, ile iliyo karibu na mlango wa sakafuni wa kushukia ghala la chini, akakuta mishumaa.

Ilikuwa kumi na minne. Yote mirefu, kila mmoja umeungua kiasi cha ukucha tu.

Mtu mwingine angecheka, angesema mwanamke huyu hajui kubana matumizi. Fundi alikaa chini palepale sakafuni na droo mapajani.

Kule chini kulikuwa na mapipa sita ya zabibu zilizopondwa, zinachachuka. Zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito, haina rangi, haina moshi, inatuama sakafuni kama maji yaliyomwagika. Ukiivuta sana unalala, na hakuna wa kukuamsha. Ndiyo maana sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: kabla hujashuka, shusha mshumaa kwa kamba. Ukiendelea kuwaka, shuka. Ukizimika, fungua madirisha yote, washa feni, usubiri. Na mshumaa uliowaka vizuri hutumika tena kesho na keshokutwa mpaka unabaki kipande; uliozimika hauwashwi tena.

Hii haikubaki vipande. Ilishushwa, ikazimika, ikatupwa drooni. Mara kumi na nne mkewe aliuona moto umekufa, na mara kumi na nne alishuka.

Fundi aligeuka kutazama feni. Ilikuwa kwenye kona yake, waya umeviringishwa vizuri, vumbi juu.

Na sasa mkewe alikuwa kule chini. Alishuka mara tu baada ya chakula cha mchana, akiimba.

Lazima niseme hapa jinsi mwanamke huyo alivyokuwa, usije ukamdhania mjinga. Wengine hutengeneza mvinyo wa kuuza na wa kusahau. Yeye alitengeneza kama watu wanavyochora picha. Pipa moja lilikuwa la mama yake, alilitengeneza mwaka wa msiba, na walioonja waliweka bilauri mezani wakanyamaza. Jingine lilikuwa la binti yao siku anaolewa, na hilo liliwachekesha hata wasiopenda kucheka. Alichanganya zabibu hii na ile, akaacha maganda yaloweke humo siku tano au tisa, akaandika kwa chaki ukutani. Ukimuuliza anajuaje, alijibu lilelile.

"Mawazo yananijia kule chini, Fundi. Huku juu mimi ni mtu wa kawaida tu."

Majirani walimtania Fundi, wakimwita Mume wa Mvinyo. Alikuwa akicheka nao. Sasa, na droo mapajani, alielewa mawazo hayo yalikuwa yanatoka wapi.

Walikuwa na mazoea yao. Yeye hugonga mlango wa sakafuni kwa nyundo mara mbili, naye mkewe hujibu kutoka chini kwa kugonga pipa kwa mti wake wa kusukumia maganda ndani ya pipa. Akachukua nyundo, akagonga.

Kimya.

Akagonga tena. Safari hii jibu lilikuja, pigo moja tu, taratibu, kama la mtu aliyeulizwa huku anasinzia. Kisha ule mti ulisikika ukianguka na kubingirika.

Akili yote ya Fundi ilimwambia ruka. Lakini katika nyumba ya tatu kutoka kwao waliwahi kuishi ndugu wawili, watengenezaji mvinyo pia. Mdogo alianguka ghalani, mkubwa akamfuata mbio, wakazikwa siku moja. Fundi ndiye aliyetengeneza majeneza yote mawili. Hilo ndilo lililomzuia, akasimama, na kusimama huko kulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Dada!" aliita. "Dada, njoo na kamba ya kuanikia nguo. Haraka."

Dada yake mkubwa, aliyeishi nao tangu afiwe na mumewe, alitoka jikoni mikono imejaa unga. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alipouona uso wa kaka yake aligeuka mbio. Akarudi na kamba.

"Nifunge kiunoni. Nikikaa sana, vuta. Hata nikikukatalia, vuta."

"Kwa nini ukatae?"

Fundi hakujua kwa nini alisema vile. Alifungua mlango, akafungua madirisha, akachomeka feni na kuielekeza chini. Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma, akaizuia, akashuka.

Ngazi zilikuwa kumi na moja. Kwenye ya mwisho aliukuta mshumaa wa leo, mrefu, umezimika, kamba yake bado mbichi kwa umande wa pipa. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea pipa la nne, chaki mkononi, midomo imeanza kubadilika rangi. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtisha Fundi kuliko ile midomo.

Alimkamata kwapani, akamvuta. Mwanamke mwembamba yule alikuwa mzito kama gogo bichi. Ngazi ya kwanza, ya pili. Ya tatu kisigino kikateleza, akaanguka naye, na pumzi yote aliyoitunza ikamtoka.

Akavuta nyingine. Hakuwa na la kufanya.

Kwanza ilimchoma puani, kama soda iliyokupanda. Halafu ikaacha kuchoma. Akasikia harufu ya mbao zilizopasuliwa asubuhi, harufu ya kitambaa cha mama yake, akasikia mvinyo ule wa pipa la nne ukiwa umekamilika, miaka mitatu kabla ya siku yake, na alijua kila kilichomo. Hakuwa amewahi kujua kitu vizuri hivyo maishani. Mikono ikalegea. Nikae kidogo tu, alijiambia. Kidogo tu, hapa karibu naye.

Kamba ikamkaba kiuno. Dada yake alikuwa anavuta, anatukana, anavuta. Fundi alikasirika. Kweli kabisa, alimkasirikia dada yake, na kwa hasira hiyohiyo mikono ikamkaza mkewe, wakapanda wote wawili wakigongwa kila ngazi mpaka kwenye mwanga.

Walimlaza uani. Dada alimfungua vifungo vya shingoni, akampepea kwa sinia, akamwita wifi yangu, wifi yangu, mpaka sauti ikakauka. Muda ulipita, Fundi hakuweza kusema mwingi au mchache. Kisha mwanamke alikohoa, akatapika, akaanza kulia kama mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Mmenitoa," alisema. "Nilikuwa nimelipata wazo."

"Ulikuwa umekufa," alijibu wifi yake.

Alipopata nguvu za kukaa alimgeukia mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na aibu hata kidogo.

"Ulivuta pumzi mle. Niliona. Niambie, Fundi, ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

Mkewe akatikisa kichwa polepole, kama anayemwonea huruma mgonjwa mwenzake.

Jioni ile Fundi alipigilia kitasa kikubwa kwenye mlango wa sakafuni, kipya, cha ufunguo mmoja. Alipanga kesho avunje ukuta atoboe tundu la upepo, mapipa yahamie huko juu polepole, na mvinyo ukiwa wa kawaida basi uwe wa kawaida. Alipomaliza alimfuata dada yake jikoni, akamwekea ufunguo kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Usimpe," alisema.

"Nimpe nina wazimu?"

Fundi hakuondoka. Alisimama pale, mikono yake bado inanuka zabibu, na akashindwa kumtazama dada yake usoni.

"Na mimi," alisema, "hata nikikuomba, usinipe."