Saa za Injini

Maji ni mazito kuliko petroli. Ukikinga kidogo kwenye kikombe kutoka chini ya bawa la ndege na kukiinua juani, utayaona yamejikusanya chini, tone moja au mawili, yametulia. Unamwaga, unakinga tena, mpaka kikombe kibaki na rangi moja ya samawati. Ni kazi ya dakika kumi, maana maji yakifika kwenye injini, injini huzima hewani. Katika kiwanja cha ndege cha Malindi, msimu wa masika, hakuna asubuhi niliyoiacha kazi ile, na hapo hasa ndipo lilipo kosa langu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa urubani, mtu wa Shella ya Malindi, wa kwanza mtaani kwetu kushika usukani wa ndege, na sikuwa na mshahara. Nililipwa kwa saa. Tena si saa ya ukutani, bali saa ya injini, kijisanduku kilichokaa mbele ya rubani na kuhesabu tu wakati injini inanguruma. Injini ikizimwa, mwalimu naye kazimwa. Kumchorea mwanafunzi mikondo ya upepo ubaoni, kuzunguka naye ndege na kumwonyesha hiki na kile, yote hayo yalikuwa sadaka. Mvua ikishika wiki nzima nilishinda nyumbani nikila samaki aliyenunuliwa na dada yangu Jaha kwa pesa za cherehani yake. Watoto wa mtaani waliniita Kapteni. Kapteni hakuwa na nauli.

Habari hizo zilimfikia Mzee Mahadhi, babake Mahfudha. Nilipopeleka posa mara ya pili aliwakirimu wajumbe wangu kwa kahawa na halua, akawasikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Kijana mwema, na kwao twakujua. Lakini binti yangu simuozi mtu anayelishwa na mawingu. Apate kazi ya mwezi, ndipo mrudi." Akatupa muda hadi Idi ya Mfunguo Tatu. Baada ya hapo alikuwapo mwengine anayengojea, mwenye duka Mombasa.

Nilimpenda Mahfudha. Nalisema waziwazi kwa sababu watu hudhani makosa kama langu hutokana na uchu wa pesa. Mimi nilitaka tarehe moja tu katika mwezi ambayo ningeweza kuiegemea.

Mwanafunzi wangu wa kutegemewa alikuwa Randu, Mgiriama wa Ganze, mtu wa miaka ishirini na minne. Kwao walifanya harambee tatu ili asomee urubani, na mamake, Kahonzi, akauza ng'ombe wawili. Alikuwa na mikono mitulivu kuliko yangu. Aliwahi kufika kiwanjani kila siku, na kila siku akanikuta nimeshamaliza kutoa maji kwenye matangi.

"Mwalimu, nionyeshe nami," aliniambia asubuhi moja.

Nikalitazama jua. "Siku nyengine. Panda twende."

Kumfundisha kazi ile taratibu, kumwacha akosee na arudie, kungekula nusu saa ya bure. Niliifanya mwenyewe chapuchapu, tukapanda, tukawasha. Na kwenye daftari lake la mafunzo, palipoandikwa ukaguzi wa petroli, nilitia sahihi kwamba amefunzwa.

Mwezi wa Mei hoteli moja ya Kikambala iliyokuwa na ndege za kutembeza watalii ikatafuta mwalimu wa kudumu. Mshahara, nyumba, likizo. Meneja, mwanamke aliyeitwa Nyaboke, aliniambia kwa simu nimletee ushahidi wa mwanafunzi mmoja aliyeruka peke yake kwa idhini yangu. Nilipoweka simu chini nilicheka. Randu alikuwa tayari tangu Februari. Mimi ndiye niliyemchelewesha, kwa kuwa mwanafunzi akiwa peke yake angani, mwalimu halipwi.

Wiki ile ile nikamwachia ndege. Nilisimama pembeni mwa kiwanja nikimtazama akizunguka mara moja na kutua bila hata tairi kuruka. Tukammwagia ndoo ya maji, kama ilivyo desturi ya marubani, naye akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile.

"Siku ya tatu kutoka leo nina safari ya Kikambala," nikamwambia. "Wewe ruka mizunguko mitatu asubuhi. Bwana Thuku atakuwapo." Thuku ndiye aliyekuwa mwenye shule.

"Kuna la kuangalia, mwalimu?"

"Fanya kama tufanyavyo siku zote."

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ndege ililala nje, na kifuniko chake kimoja cha tangi kilikuwa kikivuja. Nilikijua, ndiyo maana sikuwahi kukosa kukinga kikombe. Asubuhi ya tatu kukaanuka. Randu akafanya kama tulivyofanya siku zote: akapanda, akawasha.

Saa hizo mimi nilikuwa nimeketi mbele ya meza ya Nyaboke, nikilisoma neno mshahara kwenye karatasi yenye jina langu. Nilitia sahihi. Kwenye foleni ya feri ya Mnarani, nikirudi, gari moja lililokuwa limevuka kutoka ng'ambo likasimama karibu yangu. Dereva wake, Dzombo, jirani yetu, akatoa kichwa dirishani.

"Aboud! Kumbe u mzima? Ndege yenu imeanguka minazini, ilipopaa tu, na aliyekuwamo hakutoka hai. Sisi twadhani ni wewe."

Nilijua papo hapo. Sikuuliza imekuwaje. Mvua ilianza tena tukiwa katikati ya maji, na abiria wakakimbilia chini ya turubai. Nilibaki nimesimama, bahasha ya mkataba nimeisukumiza ndani ya shati isilowe. Niliona aibu, na bado niliendelea kuikinga.

Mkaguzi alikuja kutoka Nairobi. Alikuta maji kwenye mirija ya petroli, akafungua daftari la Randu, akaweka kidole kwenye sahihi yangu.

"Ulimfunza hili?"

"Nilimfunza."

Akaandika. Ripoti ikasema kosa la mwanafunzi.

Niliozwa Mahfudha siku ya nne baada ya Idi. Tukahamia Kikambala, kwenye nyumba ya hoteli yenye maji ya bomba na baraza ya saruji. Mshahara wa kwanza ukaingia siku ile ile iliyoandikwa. Nilidhani yamekwisha.

Jumapili moja ya Septemba walikuja watu wawili kwa miguu kutoka kituoni, wamevaa nguo zao nzuri. Walikuwa Kahonzi, mamake Randu, akiongozana na kakake, Gona, aliyekuwa akimvuta mbuzi. Niliwaamkia shikamoo, nikawaketisha barazani. Mahfudha akaenda kupika chai. Gona akasimama na kuvua kofia.

"Mwalimu, tulisomewa barua ya serikali. Yasema mwana wetu hakufuata ulichomfunza. Kavunja ndege ya watu, kakutia aibu mbele ya wakubwa. Kwetu mtu halazwi kaburini na kosa, nduguze ndio humwondolea. Hunakuvoya, mwalimu. Twakuomba umsamehe."

Kahonzi hakuninyanyulia macho. "Alikupenda," akasema. "Kila akija nyumbani ni mwalimu kasema, mwalimu kafanya. Sijui alilisahauje neno lako."

Ukweli ulikuwa mfupi. Ungetosha sentensi moja. Nilifungua kinywa niuseme, wallahi nilikifungua. Nikasikia vikombe vikigongana jikoni, na sauti ya Mahfudha akiimba kwa chini, na nikaona jinsi sentensi ile moja ingetoka barazani, ikaingia ofisini kwa Nyaboke, ikafika mpaka kwa Mzee Mahadhi.

"Nimemsamehe," nikasema.

Kahonzi akalia. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akaniombea kwa Mungu anizidishie riziki, kisha akaichukua ile kamba ya mbuzi kwa kakake na kunipa. Nikaipokea.