Shahidi wa Pili wa Mwezi

Jumatatu ile, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, Mzee Hemedi aliuona mwezi alfajiri, na heri angelala. Alikuwa ametoka kutawadha nyuma ya nyumba. Mashariki, juu kidogo tu ya michikichi, mwezi ulikuwa umelala chali, mwembamba kama ukucha uliokatwa, na kabla hajamaliza kufuta uso mwanga wa asubuhi ukaumeza.

Mtu mwingine angesema alhamdulillahi akaenda zake msikitini. Hemedi aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Ukoo wake ndio uliokuwa ukiutazamia mji wa Kasongo mwezi, baba kwa babu, na jambo la kwanza alilofundishwa utotoni ni hili: mwezi ni mmoja. Ukiuona asubuhi mashariki, ujue bado unalitangulia jua, na jioni utatua kabla yake. Mpaka jua liupite, nao ubaki nyuma, ndipo utauona magharibi jua likishazama. Kwa hiyo leo mwezi hauandami. Idi si kesho, ni keshokutwa.

Na mwanawe alihitaji Idi iwe kesho.

Amisi, mtoto pekee aliyebaki kwake, alikuwa gerezani tangu mfungo uanze kwa kosa la kupanda mihogo mahali alipoamriwa kupanda pamba. Bwana mkubwa wa teritware, Mzungu aliyetawala wilaya ile, alikuwa amepanga wafungwa waondoke Jumanne asubuhi, mnyororo shingoni, wakapasue barabara huko Wamaza, upande wa Kabambare. Kundi lililotangulia halikurudi lote. Lakini bwana mkubwa huyo alikuwa na mgeni, mkubwa mwenzake wa kutoka mbali, naye alitaka mgeni aione Idi ya Waislamu: kanzu nyeupe, ngoma, na watu wakishukuru. Akatangaza kwamba Idi ikiwa Jumanne, wafungwa Waislamu wataachiliwa mbele ya mgeni. Ikiwa Jumatano, mgeni atakuwa amekwisha kuondoka, na mnyororo uko njiani.

Adhuhuri François, karani wa teritware, Mkristo mwenye adabu zake, alimfuata Hemedi nyumbani.

"Muzee, bwana mukubwa anasema usiwe na wasiwasi. Ile kalandriye yake ya kuhesabu siku imeandika muezi mupya ni leo. Imetoka Ulaya. Utauona tu."

"Muezi mupya wa kalandriye ni siku muezi unakutana na jua," Hemedi alisema. "Siku ile hakuna mutu anaweza kuuona."

"Sasa kama iko mupya, kwa nini hauonekani?"

Aliuliza kwa moyo safi, kijana aliyesomeshwa na mapadri mpaka akajua kuandika mashtaka ya watu kwa Kifaransa. Hemedi alifungua mdomo aeleze, akaufunga. Ataeleza kwa faida ya nani?

"Barua ya kumufungua Amisi nimeiona juu ya meza," François aliongeza polepole. "Imekwisha kupigwa muhuri. Inangoja weye tu, Muzee."

Alipoondoka, Binti, mkewe Hemedi, alitoka jikoni. Mke huyu hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo pia hakuipaza.

"Baba Amisi, jana nilimuona. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Wamaza hatafika. Ukirudi hapa saa ya magharibi na maneno yako ya muezi na jua, tafuta pahali pengine pa kulala."

Jioni mji mzima ulikuwa kwenye uwanja wa nyuma ya msikiti, pale penye mwinuko unaotazama upande wa mto Lualaba. Njaa ilikuwa imewachoka watu, nao wameichoka. Na hao watu, Hemedi mwenyewe alikuwa akiwapenda na kuwacheka. Walifunga kwa mwezi, wakafungua kwa mwezi, wakaoana na kuzikana kwa mwezi, lakini waulize unakwenda wapi usipoonekana! Huyu atakwambia unakufa na Mungu anaumba mwingine, yule atakwambia umelala chini ya mto. Wengine walikuwa wakiutafuta upande wa Kabambare, wameipa magharibi mgongo. Kujua hawajui, na kuuliza wanaona haya.

Jua likazama. Anga ikawa nyekundu, halafu rangi ya majivu. Hemedi aliitazama kwa sababu ilimbidi aonekane anaitazama. Upande wa kushoto, kando ya njia, askari wa bwana mkubwa alikuwa amesimama na François, wakingoja jibu.

"Nimeuona!" Zuberi muuza chumvi alipiga kelele. "Ule pale! Ule, chini ya lile wingu!"

Ilikuwa ni pindo la wingu lililoshika mwanga. Hemedi aliliona, akaona linafifia. Lakini Zuberi hakuwa mwongo, maskini. Alikuwa ameona alichotaka kuona, na machozi yalikuwa yakimtoka. Wanawake wakaanza vigelegele, Shehe Yakubu akainua mkono kuwanyamazisha.

"Shahidi ni mumoja," shehe alisema. "Idi inataka wawili. Hemedi bin Salehe, weye ndiye jicho letu. Umeuona?"

Hemedi aliwaza barabara ya Wamaza, akamwaza Amisi ameshika ukuta. Aliwaza pia watu hawa wote, kila mmoja amemwachia yeye siku yake moja ya saumu, amana isiyoonekana. Akatamani mtu mmoja, mmoja tu, aseme, "Lakini Muzee, si leo asubuhi ulikuwa mashariki?" Angemshukuru. Hakuna aliyesema, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ni neno la kusema.

"Muzee, sema," mwanamke mmoja alimsihi.

Akainua kidole, akaonyesha mahali patupu. "Wallahi, nimeuona. Ule pale."

Ngoma zikalia papo hapo. Watu waliangalia kidole chake, wakaruka, wakakumbatiana, na François akakimbia kuelekea teritware kama mtoto aliyetumwa sukari. Hemedi alibebwa juu juu mpaka nyumbani. Binti alimpokea, akapiga magoti akamshika miguu.

Asubuhi ya Jumanne, baada ya sala, mgeni alipiga picha zake, bwana mkubwa akatoa hotuba yake, na wafungwa wakafunguliwa mnyororo. Hemedi alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amekwisha kula tende mbele ya watu, maana macho yote yalikuwa kwake. Amisi alikuja amekonda, shingo imechubuka, akambusu baba yake mkono. Hemedi alilia waziwazi. Kwa saa ile angeapa tena, mara kumi.

Nyumbani Binti alikuwa amepika wali, kuku, na sombe ya majani ya mihogo iliyotiwa mawese. Alimwekea mwanawe sahani, akaketi amtazame anavyokula. Amisi alinawa, akaitazama sahani, halafu akaisogeza kando.

"Kula, mutoto wangu."

"Mama, ninafunga."

"Unafunga nini? Leo ni Idi!"

Amisi hakumtazama mama yake. Alimtazama baba yake, na wala si kwa ukali. "Kule gerezani dirisha letu linaangalia mashariki," alisema. "Jana alfajiri niliuona muezi, Baba. Mwembamba, umelala. Halafu jioni nikasikia ngoma."

Hakuwa na haja ya kuongeza, kwa sababu katika mji mzima wa Kasongo watu waliofundishwa jambo lile walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa ndani ya chumba kile. Hemedi aliona aibu kubwa, aibu ya kuvuliwa nguo na mtoto wake, akasimama akatafuta kofia.

"Unaenda wapi?" Binti aliuliza.

"Kwa shehe."

"Watamurudisha kwenye mnyororo! Baba Amisi, watamurudisha!" Alisimama mlangoni mikono ameitandaza.

Ni Amisi aliyemsogeza mama yake, taratibu, akikohoa.

Kwa Shehe Yakubu baraza lilikuwa limejaa. Walimpokea kwa shangwe, wakampa nafasi kwenye mkeka, na Zuberi akamsukumia mfupa wenye nyama. Hemedi alikataa kuketi.

"Muezi sikuuona," alisema. "Niliapa uongo. Jana alfajiri ulikuwa mashariki, na muezi wa mashariki alfajiri hauwezi kuandama jioni yake. Leo bado ni Ramadhani. Waambieni watu."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine.

"Ule wa alfajiri ulikuwa muezi wa zamani, Muzee," Zuberi alimweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Umekwisha kufa. Wetu ni mwingine."

"Hakuna mwingine! Ni uleule!"

"Miye pia niliuona," alisema jirani yake. "Hata mke wangu."

"Pembe zake zilikuwa juu," alidakia wa tatu.

Hemedi alimgeukia shehe. Shehe Yakubu alipangusa vidole vyake, uso umejaa huruma ya kweli. "Hemedi, ulipoonyesha kidole, miye mwenyewe nilitazama. Niliuona kwa macho yangu haya. Sasa nifanye nini, nisadiki weye wa jana ao weye wa leo? Uchungu wa mutoto umekuchosha. Nenda upumzike. Muezi ujao tutamuweka Zuberi, macho yake iko mazuri."

Alirudi kwa njia ya nyuma. Hakuna atakayemrudisha Amisi gerezani, alilijua hilo sasa, kwa sababu hakuna atakayesadiki kwamba kuna kosa. Alifurahi, na furaha hiyo ikamtia kinyaa.

"Ulisema?" Amisi alimuuliza.

"Nilisema."

"Wakasemaje?"

"Wanasema waliuona."

Jua lilipotua, mwezi wenyewe ukatokea juu ya njia ya Lualaba, uzi tu, ukakaa kidogo kisha ukazama. Mitaani watu waliunyoshea vidole, wakisifu jinsi ulivyokua tangu jana. Ndani ya nyumba Amisi alisema bismillahi, akanywa maji, akakata ubavu wa kuku katikati. Kipande kikubwa alikiweka mbele ya baba yake.

"Kula, Baba. Sasa umeandama."

Hemedi alikipeleka mdomoni, akatafuna muda mrefu, na hakikumezeka.