Wiki ya Merle

Kitasa kilizungushwa mara mbili kutoka nje, kisha sauti ya mwanamke ikasema, bila wasiwasi wowote, "Noelene, mbona umefunga?"

Tegan alikuwa jikoni anampondea mtoto ndizi. Alikwenda kufungua na uma mkononi. Nje alikuwa amesimama bibi mmoja mrefu, kofia ya ukili kichwani, sanduku la magurudumu ubavuni, na ufunguo mdogo umening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Hakuwa amebisha hodi. Mtu habishi hodi kwake, na Noelene ndiye aliyezoea kumtangulia na kumfungulia.

Tegan alijua ni nani kabla hajaambiwa. Mchana ule, hata mabegi hawajayafungua, jirani wa fleti ya pili, Noelene, mama mnene mwenye nyonga mbovu, alikuja na sahani ya lamingtoni, vikeki vya chokoleti na nazi, iliyofunikwa kitambaa. Alipomkuta Tegan mlangoni aliitazama namba ya mlango, akamtazama Tegan, akauliza Merle yuko wapi. Tegan akaeleza kwamba hamjui Merle, wao wameipata fleti kwa kubadilishana. Noelene akaguna, akageuka na sahani yake. Punde akarudi na nusu ya zile keki, akasema mtoto hana kosa.

Mtoto hana kosa. Maneno hayo yalimkwama Tegan kooni kuliko keki zenyewe. Kwani mwenye kosa ni nani?

Pale Port Macquarie, mji wa pwani ya Australia, katika jengo lile, watu hawamiliki fleti. Wanamiliki wiki. Fleti moja ina wenyewe wengi kama wiki za mwaka zilivyo, na kila mmoja anaijua yake kama anavyoijua siku aliyozaliwa. Ukija, vyema. Usipokuja, ada ya mwaka unalipa vilevile, na inapanda kila mwaka kama mtoto anavyorefuka, na siku ukitaka kuuza hupati wa kununua. Ila unaweza kuitia wiki yako kapuni kwa kampuni ya kubadilishana. Mwingine ataichukua, na wewe utachota ya mwingine, popote duniani.

Tegan alirithi kwa shangazi yake wiki moja ya theluji kule milimani Jindabyne. Wao si watu wa theluji. Wanakaa Dubbo, mbali na pwani, na Joel, mumewe, anafanya kazi mgodini, analala kambini huko kwa zamu, anarudi nyumbani vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Binti yao Wren ana miaka mitatu na alikuwa hajaiona bahari ila kitabuni. Basi Tegan, aliyekuwa akisomea malezi ya watoto darasa la jioni na kusoma kila kitu kwa makini, alisoma masharti yote ya kubadilishana, akaitia theluji kapuni, akachota wiki hii ya Januari, katikati ya kiangazi. Alijiona mjanja. Watu hununua wiki ya Januari kwa jasho, yeye ameipata kwa theluji asiyoihitaji. Halikumpitia akilini kwamba humo kapuni hamna wiki isiyo na mwenyewe.

Sasa mwenyewe alikuwa mlangoni.

Tegan alimwonyesha barua ya kampuni kwenye simu. Bibi aliishika mbali na macho, akasoma polepole, akairudisha simu.

"Grant," alisema.

Grant ni mwanawe. Tangu Clive, mume wa Merle, alipofariki, ndiye aliyekuwa akilipa ada, na jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi za kampuni. Alifikiri mama yake hatakwenda tena pwani peke yake. Akaitia wiki kapuni, na wakati ule ule bibi akiwa mlangoni, yeye alikuwa Honolulu na watoto wake, anaota jua. Kumwambia mama yake alikuwa akikuahirisha, simu hadi simu, mpaka ikawa imechelewa.

Hayo Tegan aliyajua baadaye. Wakati ule alijua jambo moja tu: wakimtoa humu, Wren atarudi Dubbo bila kuiona bahari. Hofu ikampanda. Akasema, kwa ile sauti nzuri anayotumia na wazazi wakorofi kwenye kituo cha watoto anakofanya kazi mchana, "Ofisi ndiyo inayojua mambo haya, bibi. Karatasi yangu iko sawa." Kisha akaufunga mlango. Hakuubamiza. Aliusukuma taratibu mpaka ukalia *tik*, na nyuma ya ule mlango akasikia magurudumu ya sanduku yakikokotwa juu ya changarawe.

Hakumkaribisha aketi. Hata maji hakumpa.

Asubuhi ya Jumapili Noelene alihakikisha kila aliyeko barazani anapata habari. Alizitoa akiwa ameketi kwenye nyasi, sauti yake ikipita ukuta. Meneja ametafuta nafasi kila mahali, jengo limejaa, mji umejaa, shule zimefungwa. Merle amelala kwenye sofa ya Noelene, ambaye fleti yake ina chumba kimoja. Sofa yenyewe fupi, na Merle ni twiga.

"Usiku kucha miguu yake iko kwenye meza ya kahawa," alisema, hamwambii mtu. "Nimeamka nikadhani kuna mtu kaanika suruali."

Tegan alikuwa anampaka mtoto mafuta ya jua. Hakuinua uso. Fleti yao ilikuwa na vyumba viwili. Kile cha pili kina vitanda viwili vilivyotandikwa shuka za buluu, na Wren alikataa hata kukikanyaga. Alilala katikati ya baba na mama kama kawaida yake, kisigino kwenye mbavu za Joel. Alfajiri Tegan alipita kwenda msalani, akaziona zile shuka, zimenyooka, hazijaguswa. Akauvuta mlango wa chumba kile ili asizione. Ikawa mlango wa pili ameufunga.

Wakaenda baharini. Wren alisimama mchangani, ngumi kifuani, akatazama muda mrefu maji yakija na kurudi.

"Mama," akasema, "nani ameacha bomba wazi?"

Joel alicheka mpaka akaketi. Tegan naye alicheka, na katikati ya kicheko akageuka nyuma, sijui kwa nini, akawaona. Kwenye nyasi mbele ya fleti, Merle alikuwa amefungua kabati la wenyewe, ambamo wenye wiki huacha vitu vyao mwaka hadi mwaka, karibu na chumba cha kufulia, kwa ule ufunguo wake wa shingoni. Alikuwa anatoa birika, kisha viti vya kukunja, kimoja kimoja, anavipangusa kwa kiganja. Viti vinne. Wazee wawili waliketi, na viwili vikabaki vikiitazama bahari.

Waliporudi, Wren alikwenda moja kwa moja akakwea kimojawapo. Tegan alikimbia kumtoa.

"Mwache," Merle alisema. "Ni cha Clive. Hakuwahi kumnyima mtoto kitu." Akaingia tena kabatini, akarudi na ndoo ya bati ya kuchotea mchanga, imeota kutu mshikioni, akampa Wren. Kisha akamuuliza Tegan kama mtoto alikula zile keki.

Tegan angetamani atukanwe. Tusi angelijua la kulifanya.

Noelene ndiye aliyemaliza kazi. Merle alipokwenda kuchemsha maji, alimwambia Tegan kwamba yeye na Merle hawajawahi kuonana nje ya wiki hii. Mmoja anaishi Broken Hill, mwingine Armidale, hawaandikiani, hawapigiani, hata misiba yao huambiana Januari. Ni marafiki wa wiki moja, kila mwaka, tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa. Na mwaka huu ndio wa mwisho, kwa kuwa wanawe Noelene wamechoka na ada, wanairudisha wiki kwa kampuni.

"Bado hajui," Noelene alisema. "Nilitaka nimwambie siku ya mwisho. Sasa anasema kesho anapanda basi arudi, maana ananibana. Ananibana kweli. Ila ningebanwa tu."

Jioni ile Wren alipolala, Tegan alimweleza Joel. Joel alikuwa barazani, bia mkononi, miguu juu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema walichofanya ni halali, wametoa wiki yao wakapewa wiki, hakuna aliyeibiwa. Amlaumu huyo Grant.

"Najua ni halali," Tegan alisema. "Nimeyasoma masharti kukupita wewe."

"Basi shida iko wapi?"

"Nilimfungia mlango, Joel. Wewe ulikuwa umelala. Hukuuona uso wake."

Joel aliiweka bia chini. Akasema kule kambini mgodini ukuta wake ni bati, mwaka mzima anamsikia mwanamume wa chumba cha pili akikohoa, akiota, akimwomba radhi mkewe kwenye simu. Aliomba wiki moja tu asimsikie mtu yeyote asiye wake. Hakusema kwa hasira. Tegan alimwonea huruma, na akamwonea huruma bibi, na huruma mbili zikamlalia kifuani, hii hapa na hii hapa, asipate pa kugeukia.

Asubuhi alimkuta Joel jikoni, anakunywa kahawa amesimama.

"Anakoroma?" Joel aliuliza.

"Nani?"

"Bibi."

"Sijui."

"Nenda basi, kabla gari halijafika. Siwezi kukaa na huo uso wako mpaka Jumamosi. Ila akikoroma, utalala naye wewe."

Tegan alitoka na kandambili, Wren kiunoni. Merle na Noelene walikuwa kwenye benchi la kituo, sanduku katikati yao. Alikuwa amejipangia hotuba njia nzima. Yote ilimtoka. Akasema tu kuna chumba, kina vitanda viwili, kimekuwepo tangu juzi na yeye alijua.

Merle aliitazama barabara. "Sikuja kuomba, mwanangu."

"Najua, bibi. Mimi ndiye ninayeomba."

"Wiki ni yenu. Mmeitolea yenu."

"Kubali, mwenzangu," Noelene alidakia. "Usiku wa jana umegeukageuka kwenye ile sofa kama soseji kikaangoni. Mimi sijalala."

Merle alikunjua na kukunja tiketi. Halafu akamuuliza Tegan atampa nini badala yake, maana mahali hapa kitu hakitolewi bure, hubadilishwa, ndivyo alivyozoea. Tegan akasema hataki kitu. Merle akatikisa kichwa. Akamnyooshea Wren mikono, na Wren, asiyekwenda kwa mtu, akaenda.

"Huyu nitamlaza mimi," Merle alisema. "Nyinyi wawili jioni mtakuwa mnatembea pwani. Mumeo ana sura ya mtu ambaye hajatembea na mkewe siku nyingi."

Ndivyo ilivyokuwa. Tegan alikwenda kituoni kulipa deni la mlango ule, akarudi amekopeshwa zaidi. Kuanzia jioni ile alitembea na Joel kandokando ya maji, wameshikana mikono kama wachumba, wasiongee sana, na Wren akalala kwenye shuka za buluu bila kulia, katika kile chumba ambacho alikikataa. Merle hakukoroma. Joel alianza kumtengenezea chai. Noelene alitoa ile habari yake siku ya Jumatano, na wazee wawili wakakaa kwenye viti vyao mpaka chai ikapoa, kisha wakabishana kuhusu karata.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Merle alipewa ufunguo, na kila alipotaka kuingia alibisha hodi. Hata mlango ukiwa wazi. Hata akiwa ametoka nje kumwaga majani ya chai tu na kurudi. Vidole viwili kwenye mbao, taratibu, halafu anasubiri. Tegan alimwambia, "Ingia tu, bibi, hapa kwako." Merle akamshukuru, na saa ile ile akatoka, akarudi, akabisha. Hakuwa anamkomoa, wala hakuwa na kinyongo. Ni mtu aliyefungiwa mlango mara moja akaelewa. Kila vidole vile vilipogonga, Tegan aliisikia tena ile *tik*.

Jumamosi watu wote hutakiwa kutoka kabla ya saa nne, na wanaofuata huingia alasiri. Joel alikuwa amekwisha kupakia gari. Noelene amechukuliwa na mwanawe. Yeye na Merle waliagana kwa kupigana vibao vya mabegani, wakaapa watapigiana simu, wote wawili wakijua hawana mazoea hayo. Viti vinne vilikuwa kabatini. Merle alimwambia Tegan kwamba amezungumza na Grant, naye Grant amelia huko huko Honolulu kama mtoto, na mwakani wiki haitiwi kapuni. Pengine atakuja peke yake. Fleti ya pili atamkuta mtu mwingine, amwone ni mtu wa aina gani.

Tegan alifuta meza, akauweka ufunguo juu yake kama masharti yanavyotaka, akatoka nje na Wren na ile ndoo ya bati, ambayo Merle alikataa kuipokea. Akasimama kwenye changarawe. Ndani hamkuwa na mtu. Kwa zile saa chache fleti haikuwa yake tena, na ya wajao bado.

"Birika langu," Merle alisema, akajipiga paji.

Akaupita mlango uliokuwa wazi, kofia kichwani, moja kwa moja hadi jikoni. Hakubisha. Tegan alimsikia akifungua kabati, akilifunga, akifungua jingine, akinung'unika kwamba mtu kaweka vitu sipo. Wren akataka kumfuata. Tegan alimshika mkono akamzuia, wakabaki pale nje kumngoja.