Chumba cha Kaskazini

Nilirudishwa nyumbani Nizwa, Omani, kutoka shule ya bweni kwa wiki mbili, kwa sababu ambazo mwalimu mkuu aliziita za nidhamu nami naziita za sanaa. Kwa heshima ya mbuzi aliyehusika, sitaeleza zaidi. Nikakabidhiwa kwa Babu Khelef, mpima ardhi mstaafu ambaye macho yake siku hizi yana ukungu, ili nimsomee barua na nijifunze utulivu.

Barua iliyokuja wiki ile ilitoka Ujerumani. Mwaka 1969 babu alipelekwa huko kutoka Unguja kusomea upimaji, akapanga chumba katika mji mdogo. Mbele ya dirisha lake palikuwa na uwanja mtupu wa majani. Mwenye nyumba alimwambia kwa sauti ya chini kwamba pale palikuwa na sinagogi, nyumba ya ibada ya Mayahudi. Mwaka 1938 Wanazi wa mji ule ule waliichoma moto, kisha mawe yake yakabebwa kujengea barabara. Waliokuwa wakisali humo walichukuliwa, na hakurudi hata mmoja. Ramani za jengo nazo ziliungua.

Kiangazi kile mvua ilikata. Babu akaona majani ya uwanja yanakauka kwa mistari iliyonyooka: juu ya misingi udongo ni haba, kwa hiyo majani ya pale hufa mwanzo. Jengo lilikuwa linajichora lenyewe. Hakuwa na ruhusa ya kuchukua kamba ya kupimia ya chuo, basi akavua viatu, akaupima uwanja mzima kwa nyayo zake, siku tatu, watu wakimchungulia nyuma ya mapazia, kisha akaichora ramani. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Mimi, nikiwa na kumi na sita, sijapima ila mbuzi.

Sasa mji ule unataka kupanga mawe palipopita kuta, na Annegret, mjukuu wa mwenye nyumba yule, akaomba katika barua ile ramani ya babu. Nikatumwa niipige picha na kuituma. Kabla ya kuipiga, nikachukua penseli nikaongeza chumba upande wa kaskazini. Vipimo nilivitoa kwenye stoo yetu ya tende. Ilikuwa kazi safi. Hata tarakimu 7 niliikata kiunoni kwa kistari kama anavyoikata babu.

Siku ya tatu jibu likaja. Nikamsomea shukrani za mwanzo, kisha salamu za mwisho.

“Mbona umeruka?” akauliza babu.

“Sijaruka, babu.”

“Shurooq. Umesoma kama mtu anayeruka saqiya, mfereji wa maji. Rudi nyuma.”

Nikarudi. Annegret aliandika kwamba chumba cha kaskazini hakuna aliyewahi kukijua, na mawe yake yangeanza kuchongwa Jumatatu.

“Sikuchora chumba kaskazini.”

“Ni stoo ya tende,” nikasema. “Ya hapa kwetu.”

Nilingoja ukelele. Haukuja.

“Jengo lile limebakiwa na karatasi hiyo tu,” akasema. “Hebu mpigie. Utamwambia weye.”

Nikampigia kwa video, nikakiri kwa Kiingereza changu cha bweni, ambacho kwa kuomba radhi kimezoezwa vyema. Annegret akauliza kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma: “Na kuta nyingine, tutajuaje kama ni za kweli?”

Babu akanipokonya simu. Akafumba macho, akaanza kutaja kuta, kila nambari kwa Kijerumani kisha kwa Kiswahili, ili nami nifuate kwa kidole kwenye ramani. Mashariki, nyayo hamsini na mbili. Magharibi, hamsini na mbili. Kaskazini, thelathini na nane. Kusini, thelathini na tisa, maana fundi alipinda kidogo. Hakukosea hata moja. Halafu akavua kiatu, akaweka mguu juu ya rula mbele ya simu.

“Soma.”

“Sentimita ishirini na saba.”

Kwenye kona ya ramani, kwa wino wa 1969, unyayo uliandikwa vivyo hivyo. Babu amezeeka kila mahali ila hapo.

Annegret aliinama akaandika kwa muda mrefu. Alipoinua uso alisema watazifuata kuta nne.

Nikatafuta kifutio. Babu akakataa. Nikapiga mistari miwili juu ya chumba changu, nikaandika pembeni: Hiki hakikuwapo. Nimekitia mimi, Shurooq, mjukuu wake.

“Tia na tarehe,” akasema babu. “Mpima hutia tarehe.”

Nikaitia.