Ruhusa ya Siku Thelathini

Kwao Roseline kifo hakitangazwi kwa simu. Mtu aliye mbali huambiwa mama anaumwa kidogo, au kuna kikao cha shamba, afanye hima afike. Akishafika huketishwa, mtu mzima akakaa huku na mwingine kule, ndipo huambiwa. Watu wa mjini watasema huo ni ushamba, na waseme. Mtu akipewa habari ya kifo akiwa peke yake barabarani, atashikwa na nani?

Basi Jumanne moja ya mwezi wa nane, mwaka 2017, shemeji yake Alfayo, mdogo wa mumewe Silas, alipompigia simu kutoka Bungoma alianza kwa kumuuliza kama ameketi. Roseline alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Muuguzi husikia msiba katika sauti kabla ya kuusikia katika maneno, naye akafunga bomba la beseni la kunawia, akaketi.

"Shemeji, Mama Selipher ametuacha," Alfayo akasema. "Alfajiri ya leo. Ni pressure. Sasa Silas usimwambie kwa simu, huko Riyadh yuko peke yake. Mwite Jeddah, mkalishe chini, tafuta mtu wa kanisa akae karibu, then umwambie. Tunazika Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye ndiye first born, hatuwezi kumrudisha Mama mchangani bila yeye."

"Nitamwambia," Roseline akajibu.

Na alinuia hivyo kweli. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walisema mengi.

Hakuwa na haja ya kumwita mumewe Jeddah, kwa sababu Silas Barasa alikuwa tayari anakuja. Kwa miaka sita wawili hao walikuwa wameoana katika miji miwili. Roseline alikuwa na kafili wake, yaani mwajiri mdhamini, Jeddah, Silas na wake Riyadh, alikofanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa na kulala katika nyumba ya wafanyakazi huko Al-Murabba. Walionana mara moja kila miezi miwili, katika vyumba vya kupanga ambavyo mtu wa mapokezi hatoi ufunguo mpaka aone cheti cha ndoa. Siku nyingine zote ndoa yao ilikuwa simu: umekula, nimekula, lala salama.

Safari hii alikuwa anakuja ili wapande ndege pamoja kwenda Ulaya, na hiyo ilikuwa ndoto ya Silas. Ujanani alijisomesha chuo kwa kubeba abiria kwa baiskeli pale Bungoma, na mmoja wa abiria hao alikuwa Roseline, aliyekaa upande upande kwenye kiti cha nyuma akiringa, hataki kumshika kiuno mwendeshaji hata kwenye mashimo. Huko Riyadh Silas alishinda akiwakalisha wazee kwenye baiskeli zisizokwenda popote ili magoti yao yapone. Mzee mmoja akamsimulia habari za Austria: watu hupanda baiskeli wakafuata mto siku nzima, kiongozi mbele, gari la mizigo nyuma, na mvua inanyesha bure. Silas aliishika habari hiyo miaka mitatu. Hatimaye wakalipia siku kumi, wao wawili.

Nyumbani hawakumwambia mtu. Nani angeelewa? Miaka miwili hujakanyaga kwenu, halafu unapanda ndege kwenda kwa Wazungu kuendesha baiskeli, kitu ambacho Bungoma hata vipofu wanabebwa nacho? Silas mwenyewe ndiye aliyepanga uongo huo mdogo. Aliwaambia watu wake ana zamu mbili mbili mwezi huo, simu yake haitapatikana, na akaizima.

Jumatano jioni akatua Jeddah. Alikuwa amenunua kofia mbili za baiskeli, na moja alikuwa ameivaa. Alipita hivyo katikati ya uwanja mzima wa ndege, mwanamume wa miaka arobaini na mbili, akicheka peke yake.

Roseline hakuwa amemwita mtu wa kanisa. Alijiambia, wacha kwanza ale. Silas akala. Akajiambia, wacha amalize kunionyesha hizi kofia. Silas akamfunga kamba ya kofia chini ya kidevu, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama, akasema, "Rose, unajua hata mimi siamini? Ni sisi kweli?" Akajiambia, basi kesho. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Msemo huo Roseline alikuwa anaujua tangu shule ya msingi, na haukumsaidia kitu. Kesho yake walikuwa ndani ya ndege.

Austria ilikuwa ya kijani kiasi cha kumtia mtu wasiwasi, hasa aliyetoka kwenye joto la Jeddah. Kiongozi wao, Gerlinde, alikuwa mama wa miaka sitini mwenye mashavu ya miguu yaliyokaza, aliyepiga mluzi kila palipokuwa na kona. Waliufuata mto Salzach, wao na wenzao sita, wakapita ng'ombe waliofungwa kengele na mashamba ya nyasi iliyokatwa kama nywele. Roseline alikuwa amejifunza kuendesha mwaka ule ule, jioni za ufukweni Jeddah, na abaya lake liliwahi kuliwa na mnyororo mara mbili. Siku ya kwanza alianguka kwenye vichaka vya upupu. Silas alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamsugua mikono na majani aliyopewa na Gerlinde, taratibu, kidole kwa kidole.

Alikuwa amesahau kwamba mumewe ni mtu wa hadithi. Kwenye simu hakuwa na hadithi. Hapa alizungumza kuanzia chai ya asubuhi, akaimba kwenye vilima, akawasalimia ng'ombe kwa Kibukusu. Usiku alilala amemshika mkono. Roseline alifurahi, na aliichukia furaha yake, na hakutaka iishe. Hayo matatu yalikaa ndani ya kifua kimoja bila kusukumana.

Jumatatu alijifungia bafuni mwa nyumba ya wageni na simu yake. Ujumbe wa Alfayo ulikuwa umefika: "Shemeji umemwambia? Ticket ni ya lini? Tunawangoja."

Alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea muda mrefu. Kisha akaandika: "Kafili amekataa kumpa ruhusa ya kutoka. Amevunjika moyo, hataki simu. Tunajaribu."

Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kila kijiji cha Bungoma kina binti au kijana Uarabuni, na kila kijiji kinamjua kafili: ndiye anayekaa na pasipoti, ndiye anayekataa. Alfayo alijibu kwa maneno ya kumpa pole. Wakati huo huo, ndani ya mkoba chini ya kitanda, pasipoti ya Silas ilikuwa na ruhusa ya siku thelathini ya kutoka na kurudi, kwenda nchi yoyote apendayo. Kafili yule yule aliyesingiziwa ndiye aliyeitoa, kwa asubuhi moja tu, kupitia kwa Idris, Msudani aliyeshughulikia makaratasi ya wafanyakazi na aliyemtakia Silas safari njema kwa kumkumbatia.

Alijitetea kwa nafsi yake kadiri alivyoweza. Mama Selipher amekwisha kufa, hatakufa zaidi. Silas yu hai, na miaka sita sijawahi kuwa naye siku kumi mfululizo. Nikimwambia sasa, nitabaki na mtu wa umekula, nimekula. Hoja hizo zilimtosha mchana. Saa za kulala hazikumtosha.

Jumamosi walisimama kando ya mto kwa chakula. Silas alikula mkate na jibini, akajinyoosha kwenye nyasi, kofia juu ya uso, akalala. Ilikuwa saa saba. Bungoma ilikuwa saa nane, saa ya kuzika. Roseline aliujua utaratibu wote: kwaya, mahubiri, jeneza linashushwa, kisha mchanga wa kwanza, ambao ni wa kifungua mimba. Alitazama mkono wa kuume wa mumewe uliolala wazi kwenye nyasi. Alimgusa bega. Silas akafungua macho, akatabasamu, na maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi wa Roseline.

"Amka," akasema. "Wenzetu wanatuacha."

Walirudi Jeddah Jumapili. Ndani ya chumba cha kupanga, Silas akitoa soksi zenye matope mkobani, Roseline alimwomba aketi. Hakukuwa na mtu mzima huku wala kule. Alimwambia.

Silas aliuliza, "Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ya juzi?"

"Ile ya kabla ya kusafiri."

Silas alizirudia siku hizo moja moja, kwa sauti, kama mtu anayetafuta alikodondosha ufunguo. Jumatano nilivaa kofia. Alhamisi tulipanda ndege. Akafika Jumamosi, akauliza saa ya mazishi, akaambiwa. Halafu akaiwasha simu yake iliyokuwa imezimwa, na ujumbe ukaanza kuingia mmoja juu ya mwingine. Alisoma wa Alfayo mara mbili.

"Kafili gani alikataa, Rose?"

Alimweleza hilo nalo. Silas hakumgusa wala hakumtukana. Alimpigia ndugu yake, na sauti ya Alfayo ikasikika chumba kizima, imekauka kwa kulia. "Pole, kaka. Sisi tulielewa. Mchanga wako nilirusha mimi, nikamwambia Mama si kosa lako, umenyimwa ruhusa. Si ni hivyo?"

Silas alimtazama mkewe. "Ni hivyo," akasema. "Walikataa."

Alipokata simu, Roseline alikuwa amepiga magoti kumshukuru. Silas akajisogeza kando. "Usinishukuru. Si wewe niliyekustiri. Ningemwambia aje kwamba nilikuwa nimelala kwenye nyasi? Na hiyo safari si mimi niliwaficha?"

Roseline alikuwa na siku tatu za likizo zilizobaki, akamfuata Riyadh. Silas hakumkataza wala hakumkaribisha.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wenyewe hukimbia. Walipofika Al-Murabba ulikuwa umeshawatangulia. Nehemiah, mtu wa maabara ambaye naye ni wa Bungoma, alikuwa ameupata kwenye kundi la WhatsApp na kuusambaza. Jumanne baada ya kazi, Wakenya kumi na wawili walikusanyika chumbani kwake kumlilia Mama Selipher. Walifunga madirisha, wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, na kati ya wimbo na wimbo walimsema kafili. Silas alikaa kwenye kiti cha mfiwa akitazama zulia. Roseline aligawa chai, na kila aliyepokea kikombe alimwambia pole mama, na asante kwa vile ulijaribu.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Idris, na kanzu yake nyeupe, kopo la tende mkononi. Alikuwa amesikia habari ya msiba asubuhi hiyo, akaja moja kwa moja. Kwao alikuwa mtu wa kafili, na hakuna aliyesimama. Nehemiah, mwenye nyumba, aliufungua mlango nusu, hakumpa kiti. Idris alidhani ni uzito wa matanga tu. Aliinua mikono yake, akasoma dua pale pale aliposimama, kisha akamgeukia Silas kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kiarabu, ambacho wote chumbani walikielewa.

"Silas, kwa nini hukunipigia? Ruhusa yako ilikuwa bado na siku nyingi. Kwenda Austria, kwenda Nairobi, karatasi ni ile ile. Ningekubadilishia tiketi siku hiyo hiyo."

Mtu mmoja akauliza taratibu, "Austria?" Macho yote yakamwendea Silas, na Silas hakuyainua ya kwake. Angeweza kusema neno moja na hakulisema. Roseline alisimama na chupa ya chai mkononi akaona wazi mambo mawili yanayokuja: ama mumewe atajulikana kuwa mtoto aliyekwenda kutembea huku akijua mamake yuko mochari, ama huyu mzee wa watu aliyeleta tende ataitwa mwongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimeshafika.

"Silas hakujua," akasema. "Alfayo aliniambia mimi, nikamficha mume wangu siku kumi na mbili. Kafili hakukataa chochote. Aliyekataa ni mimi."

Mwanamke mmoja aliweka kikombe chake chini bila kukimaliza. Silas aliinuka, akampa Idris kiti chake mwenyewe, akaichukua chupa mkononi mwa mkewe na kumimina chai. Idris, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alisema kwa upole kwamba kesho asubuhi atamtolea ruhusa nyingine, akaone kaburi la mamake.

"Na mimi nitaomba ya kwangu," Roseline akasema. "Silas, twende wote."

Kwao, mke husimama na mumewe kwenye kaburi la mama mkwe, hata kama wamegombana, hata kama hawasemezani. Asiyesimama hapo ni mke wa watu wengine. Silas alilijua hilo, na kila aliyekuwemo chumbani alilijua.

"Hapana, Rose," akasema, bila hasira. "Wewe rudi Jeddah."

Roseline alichukua mkoba wake, na Nehemiah akamfungulia mlango.