Yote Minne

"Mwendwa, hilo gari lina meno?"

Nilikuwa nimelala ubavu kando ya pijo langu, mswaki mkuukuu mkononi, nasugua nati za gurudumu moja moja. Aliyeuliza alikuwa Mama Mumbe, jirani yangu pale Voi. Alisimama na debe tupu kichwani, na jicho lake halikuwa kwenye nati. Lilikuwa kwenye ndoo yangu ya maji.

"Kesho naenda Sagalla, mama. Kumwomba Wakio kwa baba yake."

"Basi usisahau magego."

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na ukame ulikuwa umetubana vibaya. Vyura wa Mto Voi niliwaona kwa macho yangu wamejipanga barabarani, wanasimamisha malori ya Mombasa. Usiponiamini, waulize madereva; wako walio hai. Ndoo ile moja niliipigia foleni tangu alfajiri. Lakini Wakio alikuwa ameniagiza. Alipita gereji nilipofanya kazi, akasema haraka kwa sababu basi lake lilishaanza kupiga honi:

"Jumapili uoshe miguu vizuri. Baba huangalia miguu kabla ya uso. Isipompendeza, hata chai hupewi."

Sasa, mwambie mtu wa gereji neno mguu, akili yake inakwenda wapi? Kwetu gari ndilo lililokuwa na miguu. "Mguu wa nyuma umelegea," fundi anasema, na hakuna anayejitazama.

Kwa hiyo niliosha. Nilianza gari likiwa kivulini, maana gurudumu lililopata jua hukausha sabuni na kubaki na mabaka. Nikavua vifuniko, nikavisugua kwa jivu hadi nikaona pua yangu ndani yake. Madoa ya lami nikayatoa kwa mafuta ya taa. Nikapiga jeki, nikachomoa mguu mmoja baada ya mwingine, nikaingia kwa mswaki upande wa ndani, kule vumbi jeusi la breki hujificha na hakuna mpita njia atakayeliona. Maji nikayatumia kwa kikombe, kama dawa. Mwisho nikapaka matairi rangi nyeusi ya viatu, kopo zima, mpaka likalia kavu.

Viatu vyangu mwenyewe? Vilikuwa mlangoni, vinaniangalia.

Jumapili nikapanda mlima polepole nisitimue vumbi, polepole kiasi kwamba kuku mmoja alinipita, akageuka kunionea huruma. Kila kona nilisimama, nikashuka, nikapangusa matairi kwa leso. Kila niliposhuka, ule udongo mwekundu ulinipanda viatuni, kisha kwenye soksi, kisha ukajisogeza hadi magotini.

Mzee Obadiah alikuwa mlangoni, mkewe Mama Tryphena nyuma yake, na Wakio nyuma ya wote wawili. Nikanyoosha mkono. Mzee hakuupokea. Alikuwa anatazama chini. Nilimwona Wakio akifumba macho.

"Wakio hakukwambia uoshe miguu?"

"Aliniambia, mzee. Nimeosha yote minne."

Ndipo akainua macho, akanitazama uso.

"Minne," akasema. "Kwani wewe ni ng'ombe?"

Ulimi ulinikauka kuliko mto. Nikaonyesha gari. Mzee akanipita, akalizunguka. Akachuchumaa penye gurudumu la nyuma, akaingiza kidole upande wa ndani, akakitoa, akakitazama. Akaingiza tena, mbali zaidi.

"Hata huku?"

"Huko ndiko uchafu unakokaa, mzee."

Alibaki amechuchumaa hivyo hivyo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni homa. Mama Tryphena alinisimulia baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu mvua zipotee.

"Mama Wakio," akaita, akijifuta macho, "lete karai. Huyu amebakiza miwili."

Karai likaja na maji yasiyojaa hata nusu. Nilijua yalikotoka: bondeni, kwa kichwa cha Wakio, kabla ya kanisa. Nikavua viatu mbele yao wote, nikaosha, kisigino na katikati ya vidole, kwa heshima niliyoyapa magurudumu na zaidi. Nilipoinua karai nimwage, mzee akanishika mkono. Akalichukua mwenyewe, akaenda nalo garini, akaanza kuyafuta matairi yale vumbi la njiani kwa maji ya miguu yangu, ananung'unika kitu kwa Kisagalla.

Tulipoingia ndani, chai ilikuwa mezani.

Pijo lile siku hizi haliendi popote. Mimi pia nimestaafu. Lakini Jumamosi ikifika navuta ndoo na mswaki, nalala ubavu, nasugua nati moja moja, hadi sauti ya Wakio inapotoka jikoni.

"Umemaliza miguu?"

"Nimemaliza."

"Yote sita?"

Natazama chini. Nachota kikombe kingine.